Kutoka Tepe Hadi Nyota: Elimu na Vyeo vya Askari wa Keya

Neno "afande", analolitamka askari wa Kenya amwitikiapo mkubwa wake, lina asili ya Kituruki. Lilifika Afrika ya Mashariki pamoja na askari wa Kisudani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, likifuatana na ombasha na shaushi, ambayo baadaye yaliondolewa na koplo na sajini. Kwa muda mrefu askari Mwafrika alilitamka neno hilo mara nyingi kwa siku, bila kutumaini kwamba yeye naye ataitikiwa hivyo kama afisa.

Jeshi lake, King's African Rifles, ambalo wananchi walizoea kuliita Keya, liliundwa mwaka 1902. Maafisa walikuwa Waingereza. Mwafrika alipanda kwa tepe za mkononi hata akafika usajini-meja, na hapo ngazi ikawa imekwisha. Walioandika askari walitafuta miguu yenye nguvu na macho makali; kijana aliyesoma misheni alidhaniwa mara nyingi kuwa mbishi. Hivyo elimu, ambayo katika ofisi ya serikali ilimpatia mtu kalamu na mshahara, katika kambi haikumfaa sana. Amri zilitolewa kwa Kiswahili chepesi cha kijeshi, ambacho mwenyeji wa Lamu angalikisikia angalicheka.

Vita vya 1939 hadi 1945 viliivuruga desturi hiyo. Mtu wa simu ya upepo hakuweza kufanya kazi bila kusoma, wala mtu wa mizinga bila hesabu. Basi kikaundwa kikosi cha elimu cha Afrika ya Mashariki, walimu wakavaa sare, na askari wakafundishwa kusoma, kuandika na Kiingereza. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipopigana katika bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua na matope, hata ikauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba, walikuwamo askari walioanza kushika kalamu jeshini.

Yafaa msomaji afahamu kwamba elimu si pambo la uongozi wa askari. Kiongozi wa platuni ana watu wapata 30. Akiwa msituni hana budi kutazama ramani, kuona kwamba mistari iliyokaribiana ni mlima mkali na iliyotawanyika ni uwanda, kisha kutaja mahali alipo kwa tarakimu, ili mizinga iliyo nyuma yake maili kadha ipige adui. Akikosea tarakimu moja, risasi za mizinga zaweza kuwaangukia watu wake mwenyewe. Tena ataandika taarifa ya doria, atahesabu chakula na risasi, na kuwaeleza koplo wake shauri lote kwa maneno machache, ili akiuawa yeye mwingine aweze kuliendeleza. Ushujaa peke yake haufundishi mambo hayo. Lakini na mwenye cheti cha shule, asiyejua askari aliyechoka husema nini usiku, naye hajawa kiongozi.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 kiliwekwa cheo kipya, juu ya sajini-meja na chini ya luteni. Kiliitwa effendi, yaani lile lile neno la zamani. Masajini waliochaguliwa walipelekwa kufunzwa huko Nakuru. Kilikuwa cheo cha heshima, ila kilikuwa pia nusu ya njia: effendi mwenye utumishi wa miaka mingi alikaa chini ya luteni Mwingereza aliyetoka chuoni juzi.

Mlango wenyewe ulifunguliwa kwa haraka uhuru ulipokaribia. Jackson Mulinge, aliyeandikwa askari mwaka 1942, alipata uluteni mwaka 1961, baada ya miaka 19. Wakati huo huo vijana wa sekondari walikuwa wakipelekwa Uingereza, wengine Sandhurst kwa miaka miwili, wengine Mons, Aldershot, kwa mafunzo mafupi zaidi. Waliporudi walikuwa na nyota begani kabla ya ndevu kukomaa. Mzee aliyepita Burma alimpigia saluti mtu wa umri wa mwanawe, na si kila mzee aliyemeza jambo hilo kwa urahisi. Yeye hakuikataa shule. Alipokuwa kijana, jeshi halikumdai shule.

Mwezi wa Januari 1964 askari waliasi Tanganyika, kisha Uganda, na Kenya katika kambi ya Lanet. Malalamiko makubwa yalikuwa mshahara, na maafisa Waingereza waliobaki juu yao baada ya uhuru. Katika Tanganyika uongozi wa jeshi ulipewa Mrisho Sarakikya, mmoja wa vijana wa Sandhurst. Kenya ilifuata njia nyingine: mwaka 1966 jeshi lake la nchi kavu lilikabidhiwa Joseph Ndolo, aliyeanza kama askari wa kawaida wa Keya. Mulinge naye akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1978 hadi 1986.

Huko Lanet kikawekwa baadaye chuo cha maafisa wa Kenya, na kijana anayetaka nyota hahitaji tena kupanda meli. Cheti cha sekondari huulizwa kwanza, ndipo hupimwa miguu na macho.