Mwendokasi, Kodi ya Chumba na Ukuta wa Bonde la Ufa

Kijana wa Katesh au Dongobesh, mkoani Manyara, akipata kazi Arusha au Dar es Salaam, mshahara wake wa kwanza huwa umeshapata mwenyewe: baba mwenye nyumba, anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tangu treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kisha Dodoma Julai, wengi wanajiuliza: je, mtu hawezi kufanya kazi jijini akalala mkoani?

Morogoro inatupa hesabu. Treni hufikia kilometa 160 kwa saa na kumaliza kilometa 200 hivi kwa muda usiozidi sana saa mbili. Nauli ya daraja la kawaida ilianza na shilingi 13,000. Kwenda na kurudi kwa siku 22 za kazi ni shilingi 572,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara serikalini, kilichotangazwa Mei Mosi 2025 mjini Singida, ni shilingi 500,000. Mshahara wote uende kwenye tiketi, na bado bodaboda inadai. Japani, iliyoanza treni za kasi mwaka 1964, wapo wanaosafiri hivyo kila siku, lakini huko waajiri wengi huwalipia wafanyakazi nauli.

Kuna pia suala la muda. Watafiti Yacov Zahavi, na baadaye Cesare Marchetti, walionyesha kuwa watu kwa wastani hutumia kama saa moja kwa siku njiani. Chombo kikiongezewa kasi, muda hauokolewi: watu huhamia mbali zaidi, na bei ya viwanja karibu na stesheni hupanda.

Tuje sasa Mbulu, kwao Dongobesh, juu ya ukuta wa Bonde la Ufa. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina msuguano mwingi. Ndiyo maana treni hula nishati kidogo, na ndiyo maana mlima huishinda. Kutoka usawa wa Ziwa Manyara hadi Mbulu mjini ni kupanda karibu mita 700. Kwa mwinuko wa mita 2 kwa kila 100, reli ingehitaji kilometa 35 za kupanda tu, ikizunguka pale ambapo barabara ya Magara inapanda kwa kona kali. Na kona ni adui wa kasi: ukiongeza kasi mara mbili, upana wa kona lazima uongezeke mara nne. Reli ya kasi ukutani hapo ni mahandaki na madaraja, kwa abiria wachache.

Hanang, wilaya ya Katesh, ina nafasi nyingine. Tawi la reli ya zamani kutoka Manyoni lilifika Singida, chini ya kilometa 100 kutoka Katesh. Treni ya mwendo wa kawaida ikifika Katesh ingebeba ngano ya Basotu, na vitunguu saumu vya Mbulu vikishushwa kwa lori. Shehena ndiyo inayolipia reli, na shehena huvuta maghala, mashine za kusaga, mafundi na makarani. Kodi ya chumba jijini itapungua makali pale kazi itakapopanda treni kuja Katesh, kabla ya mfanyakazi kulazimika kuifuata.