Injini kubwa ndani ya Mustang kuukuu: Kwa nini kazi huanzia kwenye breki

GARI la Ford Mustang lilipozinduliwa mjini New York mnamo Aprili 17, 1964, bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 2,368. Kwa fedha hizo mnunuzi alipata boneti ndefu, kiuno chembamba na sura ya gari la mashindano. Alipoifungua boneti hiyo, hata hivyo, alikuta injini ya kawaida ya silinda sita yenye ujazo wa lita 2.8 na nguvu za farasi 101. Miezi michache baadaye injini hiyo iliipisha nyingine ya lita 3.3, yenye nguvu za farasi 120.

Hapo ndipo kishawishi kilipozaliwa. Katika duka lilo hilo kulikuwa na Mustang nyingine, sawa kabisa na ya kwanza kwa umbo, ila hii ilikuwa na injini ya V8 ya lita 4.7. Wamarekani huiita 289, kwa kuwa ndio ujazo wake kwa inchi. Injini hiyo ilitoa nguvu za farasi 200, na katika matoleo ghali zaidi 225 au hata 271.

Miongo sita imepita na Mustang za silinda sita bado ni nyingi huko Marekani. Bei yake ni nafuu kuliko ya zile za V8, na aghalabu anayeinunua huwa na wazo moja tu kichwani: kuing'oa injini ndogo na kuitia kubwa. Wazo lenyewe si la kipuuzi. Mwili wa gari ni ule ule, nafasi ipo, na vishikizo vya V8 hufungwa kwa bolti bila kukata chuma chochote. Giaboksi, bila shaka, haina budi kuwa ile inayokubaliana na injini mpya. Fundi mwenye winchi na msaidizi mmoja hahitaji muda mrefu kuiteremsha injini mahali pake. Baada ya hapo ataiwasha, ataisikia ikinguruma, na atakuwa na kila sababu ya kuamini kwamba kazi imekwisha.

Ukweli ni kwamba kazi haijaanza.

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Wahandisi wa Ford walipoitia V8 katika Mustang hawakubadilisha injini pekee. Msomaji anayetaka ushahidi wa haraka na ahesabu nati za gurudumu. Mustang ya silinda sita ya 1965 ina nati nne katika kila gurudumu, ilhali ya V8 ina tano. Tofauti hiyo ndogo ni kidokezo cha tofauti kubwa zilizofichika nyuma ya gurudumu.

Tuanze na breki, maana hapa ndipo uhai wa mtu ulipo. Ngoma za breki za mbele za gari la silinda sita zilikuwa na kipenyo cha inchi 9, na za V8 inchi 10. Inchi moja yaweza kuonekana si kitu, lakini kumbuka kwamba nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hubeba nishati takriban maradufu ya lile linalokwenda kilomita 70. Nishati hiyo yote sharti igeuke kuwa joto ndani ya ngoma kila dereva anapotaka kusimama. Ngoma ndogo hupata moto upesi, na ikishapata moto sana hushika kwa ulegevu, hata mguu ukandamize kanyagio kwa nguvu kiasi gani.

La kutisha zaidi ni kwamba Mustang zote za 1965 na 1966, ziwe za V8 au za silinda sita, zilitoka kiwandani zikiwa na mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja ukipasuka, breki zote hutoweka kwa mpigo. Mfumo wa sehemu mbili, ambao huyaacha magurudumu mawili yakifanya kazi iwapo mengine yamekosa mafuta, ulikuja na Mustang za modeli ya 1967. Kwa maoni yangu, mtu anayeongeza nguvu za gari kama hilo kabla ya kubadilisha mfumo huo anacheza kamari, tena si kwa uhai wake pekee bali pia wa mama anayevuka barabara na mtoto wake. Breki za diski za mbele zilikuwa zikiuzwa na Ford yenyewe tangu 1965 kwa waliokuwa tayari kuongeza pesa, na sehemu za kufanyia badiliko hilo zinapatikana hadi leo.

Baada ya breki huja ekseli ya nyuma. Injini ya lita 3.3 ilisukuma kwa nguvu za mzunguko zipatazo nyutoni-mita 258, ilhali 289 ya kawaida ilifikisha takriban 382, karibu mara moja na nusu. Gia za difu ya gari la silinda sita zilikuwa na kipenyo cha inchi 7.25, na hazikukusudiwa mzigo huo. Zinaweza kuvumilia kwa muda iwapo dereva ni mpole. Lakini nani hubadilisha injini ili aendeshe kwa upole? Ndiyo maana Ford ilitumia ekseli ya inchi 8 kwa V8 za kawaida, na ya inchi 9 kwa ile ya nguvu za farasi 271. Springi za mbele nazo zilikuwa nzito zaidi, viungo vya usukani vikawa vinene, na rejeta ikawa kubwa. Mambo haya sitayarefusha. Itoshe kusema kwamba anayeiacha rejeta ndogo ataonywa na mvuke siku ya kwanza ya jua kali.

Isidhaniwe kuwa ni mafundi wa vichochoroni pekee waliowahi kuitanguliza injini na kuyasahau mengine. Kampuni ya General Motors ilikuwa imeviwekea viwanda vyake kikomo cha inchi 330 kwa injini za magari ya ukubwa wa kati. Mnamo 1964, kitengo cha Pontiac, ambacho mhandisi wake mkuu alikuwa John DeLorean, kilikwepa sheria hiyo kwa kuitia injini ya inchi 389 ndani ya gari dogo la Tempest, na kuiuza kama nyongeza ya hiari kwa jina GTO. Zaidi ya magari 30,000 yaliuzwa mwaka huo wa kwanza. Hata hivyo, breki zake za ngoma zililalamikiwa na wengi kuwa hazikulingana na mwendo wake. Kiwanda kizima, pamoja na wahandisi wake, kiliteleza palepale anapoteleza fundi wa gereji ya nyuma ya nyumba.

Kuna pia swali la injini ipi itiwe. Wengi hukimbilia 302, dada mdogo wa 289 aliyeanza kuonekana katika magari ya modeli ya 1968, kwa sababu Ford iliendelea kuiunda kwa miongo mingi na majaa ya magari mabovu yalijaa injini hizo. Kwa nje zinafanana mno, na hapo ndipo mitego ilipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ford ilibadilisha uzani unaosawazisha mzunguko wa injini hiyo. Ukiifunga flaiwili ya zamani kwenye injini mpya, gari litatetemeka hadi beringi ziharibike. Injini nyingi za Mustang za miaka hiyo zilibadilishiwa pia utaratibu wa kuwaka kwa silinda, hivi kwamba ukizifunga nyaya za plagi kwa kufuata kitabu cha 289, injini itakohoa na kutema moto kupitia kabureta. Sampu ya mafuta vilevile haiingii, kwani gari la zamani linahitaji ile yenye kina upande wa mbele ili isigongane na viungo vya usukani.

Wapo wasioridhika na hiyo na kutamani V8 ya lita 5.0 ya kisasa, iliyoanza kufungwa katika Mustang za modeli ya 2011. Injini hiyo ni pana mno kwa gari la 1965. Ili iingie, hukatwa minara miwili ya chuma iliyo pembeni mwa injini, nayo ndiyo inayobeba springi za mbele katika gari lisilo na chesisi ya peke yake. Anayeikata sharti aunde upya sehemu yote ya mbele ya gari, na hiyo si kazi ya kujifunzia.

Mnunuzi anayeonyeshwa Mustang ya V8 leo ana njia rahisi ya kujua asili yake. Herufi ya tano katika nambari ya utambulisho wa gari ndiyo hutaja injini iliyotoka nayo kiwandani. Kwa gari la modeli ya 1965, C na A ni za 289 za kawaida, K ni ya ile ya nguvu za farasi 271, na T ni ya silinda sita ya lita 3.3. Kuikuta T si dhambi, mradi muuzaji aitaje na bei iendane nayo. Lakini ukiikuta T, V8 ikinguruma chini ya boneti, na magurudumu bado yana nati nne nne, mrudishie mwenyewe ufunguo kabla hujalipeleka gari hilo barabarani.