Simu Iliyolowa, Betri Iliyomezwa

Masika yanapoingia katika Milima ya Usambara, mafundi simu wa Bumbuli, Soni na Lushoto hupelekewa vifaa vilivyokufa kwa unyevu, na pamoja navyo huja maswali yale yale: je, simu iliyolowa ifukiwe kwenye mchele, betri za tochi zilizokwisha zianikwe juani, na fundi anayeshinda kwenye moshi wa kulehemu anywe maziwa ili kuosha sumu? Mengine ni maswali ya ufundi na mengine ya afya, lakini majibu yake yana mzizi mmoja, kwamba kifaa cha kielektroniki kilicho kizima kimeifungia sumu yake ndani, nayo hupata njia ya kutoka pale kifaa kinapolowa, kinapopasuliwa au kinapochomwa moto. Kwa hiyo kukitunza na kukitengeneza kifaa ni suala la afya kama lilivyo suala la mfuko.

Imani ya mchele ndiyo sugu kuliko zote. Inadhaniwa kwamba maji ndiyo yanayoiua simu, na kwamba yakishanyonywa simu itapona. Kumbe kinachoiua ni umeme unaopita ndani ya maji hayo. Maji ya mvua yaliyochuruzika kwenye paa lenye masizi, jasho la mfukoni na mchuzi wenye chumvi yote yamebeba ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na betri ya simu husukuma volti 3.7 hivi, ilhali kinadharia volti 1.23 zinatosha kuanza kuyapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Kwenye bodi, yaani kile kibao ambacho vipuri vya simu vimelehemiwa juu yake, shaba iliyo upande chanya hupoteza elektroni na kuyeyuka ikawa ioni. Ioni hizo husafiri ndani ya tone la maji hadi upande hasi, hupokea elektroni huko na kuwa shaba ngumu tena, lakini shaba hiyo hailali bapa bali huota vijitawi vyembamba kama mizizi ya mche, vinavyonyooka kuelekea upande chanya ilikotoka. Kwa kuwa miguso ya simu za kisasa imeachana kwa sehemu ndogo tu ya milimita, vijitawi hivyo vinaweza kuiunganisha ndani ya dakika chache, umeme ukapita mahali usipotakiwa na kusababisha shoti. Fundi akiitazama bodi ya namna hiyo kwa lenzi huona unga wa kijani kando ya tundu la chaji, na mbele kidogo njia nyembamba ya shaba iliyoliwa mpaka ikakatika.

Mchele hauzimi umeme wala hauondoi chumvi. Maji yakikauka, chumvi hubaki juu ya bodi, na kwa kuwa chumvi nyingi huvuta unyevu kutoka hewani, katika milima ambako ukungu huingia hadi barazani utando wa maji hujirudia hata kama simu haijanyeshewa tena. Ndiyo maana simu “iliyoponywa” na mchele hufanya kazi wiki mbili kisha ikafa, na mchele ukabaki na sifa zake. Kampuni ya Apple nayo huwaonya wateja wake wasiitie simu kwenye mchele, kwa kuwa chembe zake huweza kuidhuru. Kinachosaidia ni kuukata umeme mara moja, kwa kutoa betri ikiwa ni kitochi, au kuizima simu na kutoichaji kabisa; kisha fundi aifungue, aichomoe betri, aisugue bodi kwa mswaki laini na maji yaliyotoneshwa, yale yasiyo na chumvi ambayo huongezwa kwenye betri za gari, na amalizie kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ambayo huyafukuza maji na kukauka upesi. Simu isianikwe juu ya mafiga. Hata iliyo kavu, ikitoka kwenye baridi ya nje na kuingizwa jikoni penye mvuke wa chungu, iachwe ipate joto kwanza kabla ya kuchajiwa, kwa sababu mvuke hugeuka matone juu ya kitu cha baridi.

Kemia hiyo ya umeme ndani ya unyevu ndiyo inayozifanya betri bapa zenye umbo la sarafu, zile za rimoti, saa na midoli ya taa, kuwa hatari kubwa katika nyumba yenye mtoto mdogo. Betri hiyo ikimezwa na kukwama kwenye umio, mate na unyevu wa nyama huunganisha nyuso zake mbili, umeme hupita, na upande hasi maji hupasuliwa na kuzalisha haidroksaidi, yaani alkali kali inayoyeyusha nyama. Jeraha kubwa huweza kutokea ndani ya saa 2, na betri iliyoshindwa kuendesha rimoti huwa bado na volti za kutosha kuunguza. Anayemwambia mzazi asubiri itoke yenyewe chooni, au anayemnywesha mtoto mafuta ili atapike, anayapoteza masaa yanayookoa maisha, na hastahili kusikilizwa. Mtoto apelekwe mara moja hospitali yenye eksirei na asitapishwe. Ikiwa ametimiza mwaka 1, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mwongozo wa wataalamu wa sumu wa Marekani unaruhusu apewe asali njiani, vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6, kwa kuwa asali huifunika nyama na kupunguza ukali wa alkali. Asali haichukui nafasi ya hospitali, wala safari isicheleweshwe ili itafutwe.

Kuhusu kuanika betri za tochi, ni kweli kwamba tochi huwaka tena kidogo, lakini jua haliongezi umeme wowote: joto huharakisha mwendo wa ioni, mabaki ya nguvu yakatoka, huku kopo la zinki likizidi kuliwa hadi livuje. Lililo baya zaidi ni desturi ya muda mrefu ya baadhi ya shule za vijijini kuwaagiza wanafunzi betri kuukuu, wazitwange na kuzichanganya na majani ili kupaka ubao. Ule weusi si mkaa mtupu. Sehemu kubwa yake ni manganizi dioksidi, na vumbi la manganizi likivutwa kwa wingi na kwa muda mrefu, kama ilivyoonekana kwa wafanyakazi wa migodi na viwanda, hudhuru ubongo na kuleta mitetemeko na ukakamavu wa viungo. Kipimo anachopata mwanafunzi ni kidogo kuliko cha mchimbaji, lakini hakuna sababu ya kumpa hata hicho.

Maziwa nayo yamepewa kazi yasiyoiweza. Moshi wa kulehemu kwa sehemu kubwa si wa madini ya risasi, bali ni wa utomvu wa msonobari, mti unaojulikana vizuri Shume, ambao hutiwa ndani ya waya wa kulehemea. Moshi huo huenda mapafuni na huweza kusababisha pumu ya kazini, ilhali maziwa huenda tumboni. Risasi yenyewe humfikia fundi kwa njia ya vidole, pale anaposhika waya huo kisha akamega chapati bila kunawa. Ikishaingia, mwili huidhania kuwa kalisi, ukaihifadhi mifupani kwa miongo, na wakati wa ujauzito huweza kutoka humo na kumfikia mtoto tumboni. Chakula chenye kalisi na chuma cha kutosha hupunguza kiasi kinachofyonzwa, lakini hakiitoi iliyokwisha kuingia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya wanachofyonza watu wazima. Kwa hiyo dirisha wazi, sabuni na meza isiyoliwa chakula vinamfaa fundi kuliko kikombe cha maziwa.

Yaliyobaki ni mepesi. Betri ya simu iwekwe kati ya asilimia 20 na 80 inapowezekana, na isichajiwe juani kando ya paneli ya sola, maana joto ndilo linaloizeesha. Iliyovimba isichajiwe wala isitobolewe eti itoe hewa, kwa kuwa huweza kulipuka moto, na chumvi ya ndani yake ikikutana na unyevu huzalisha haidrojeni floridi, gesi inayounguza mapafu. Nyaya zisichomwe kutafuta shaba. Betri zilizokwisha zifungwe ncha kwa utepe, ziwekwe pakavu, zisitupwe chooni wala shambani.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Tanzania ina kanuni zake za kusimamia taka hizi tangu mwaka 2021, lakini kanuni haziwezi kutekelezwa na mwananchi asiye na mahali pa kupeleka betri yake. Halmashauri ya Bumbuli iweke chombo chenye mfuniko katika kila soko na kila shule, kisha ipange safari ya kuzipeleka betri zilizokusanywa kwa warejelezaji wenye kibali. Na walimu wakuu, bila kusubiri bajeti yoyote, wapige marufuku leo kutwanga betri kwa ajili ya ubao.