Utumbo Usiojua Kukataa Chumvi

Mchuzi ukizidi chumvi, ulimi hulalamika papo hapo. Utumbo mwembamba hausemi neno. Karibu chumvi yote inayoufikia huinyonya, iwe gramu 2 au 12 kwa siku, na mzigo wa kuitoa iliyozidi huachiwa figo.

Siri imo katika seli za ukuta wa utumbo. Upande wa damu, seli hizo zina pampu inayotoa ayoni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, usiku na mchana. Jens Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957 baada ya kuchunguza neva za kaa, na Nobel ikamfikia mwaka 1997. Kwa kuwa pampu huacha sodiamu kidogo mno ndani ya seli, ile ya kwenye chumvi ya chakula hupenya kwa mlango wowote ulio wazi. Mlango mmoja hupitisha sodiamu ikiongozana na glukosi, kama alivyopendekeza Robert Crane mjini Prague mwaka 1960. Hata kipindupindu hakiufungi. Ndiyo sababu pakiti ya ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, ya lita moja ina glukosi gramu 13.5 pamoja na chumvi gramu 2.6; glukosi hiyo haikutiwa humo kwa ajili ya utamu.

Sehemu inayosikiliza habari za mlo ni mwisho wa utumbo mpana. Chumvi ikiadimika mwilini, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni ya aldosteroni, nazo seli za huko huongeza vijia vya sodiamu hadi kinyesi kitoke karibu bila chumvi. Wayanomami wa msitu wa Amazon, ambao kwa desturi hawaungi chakula kwa chumvi, wana aldosteroni nyingi; utafiti uliochapishwa mwaka 1988 ulikuta presha yao ikiwa wastani wa 95 kwa 61. Kwa mla chumvi nyingi aldosteroni hushuka na vijia hupungua, lakini hilo halimwokoi: sodiamu nyingi imekwisha kunyonywa huko juu.

Kuzuia unyonyaji huo kwahitaji dawa. Tenapanor, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa wenye maradhi ya utumbo yanayofunga choo, huziba mlango mwingine, ule unaobadilishana sodiamu na haidrojeni. Adha yake kubwa ni kuharisha, wala si ajabu: sodiamu ikibaki utumboni, maji nayo hubaki.