Uzi, Birika na Papasi

Saa zote ziliharibika njiani. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipoanza safari kutoka pwani ya Afrika Mashariki mwezi Juni 1857, walibeba kronomita, saa za mabaharia zilizoundwa kwa ustadi mkubwa ili zisikimbie wala kuchelewa. Unyevu, joto na mishtuko ya njia vilizimaliza moja baada ya nyingine. Wakabaki na uzi na risasi ya bunduki. Risasi ilifungwa kwenye ncha ya uzi wenye urefu wa karibu mita moja, kisha ikaachwa ibembee. Uzi wa urefu huo hauhitaji ufunguo wala mafuta: kila unapotoka upande mmoja kwenda wa pili, imepita sekunde moja. Mmoja anautazama mwezi na nyota, mwingine anahesabu mibembeo.

Kwa nini sekunde ziwe na thamani kiasi hicho porini? Kwa sababu dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, na msafiri asiyejua saa hawezi kujua yuko umbali gani mashariki au magharibi. Katika eneo la Tabora, kosa la dakika moja tu ya saa humhamisha mtu kwenye ramani kwa kilomita 27 au 28. Huo ni mwendo wa zaidi ya siku moja kwa msafara wenye mizigo.

Wawili hao waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Hawakuukuta mji usiojua vipimo. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16 kila moja. Nguo zilihesabiwa kwa doti na shuka, nafaka kwa pishi na kibaba, urefu kwa mkono na shibiri. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo begani kutoka Unyanyembe, nchi inayoizunguka Tabora, hadi Bagamoyo pwani alijua njia kwa vituo vyake: wapi pana maji, wapi pori halina kijiji, siku ngapi hadi kambi inayofuata. Wageni walizijaza ramani zao kwa maarifa hayo kabla ya kuyahakiki kwa vyombo, na ni haki kulisema hilo wazi, kwa kuwa majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa popote.

Kimo cha nchi kilipatikana kwa birika.

Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100 pale tu yanapokuwa usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inayoyakandamiza maji kutoka juu hupungua uzito, nayo huchemka mapema zaidi: takriban nyuzi moja chini kwa kila mita 300. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na ndiyo maana maharage hukaa jikoni Tabora muda mrefu kuliko Dar es Salaam, hata moto ukiwa uleule. Msafiri alichemsha maji, akatumbukiza kipimajoto, akasoma, kisha akatafuta jibu kwenye jedwali. Birika lilimwambia yuko juu kiasi gani ilhali bahari iko mwendo wa miezi nyuma yake.

Speke alitumia njia hiyo kwenye maziwa mawili makubwa. Kutoka Kazeh alielekea kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa ambalo leo tunaliita Victoria. Akalipatia kimo cha futi 3,740, yaani mita 1,140. Vipimo vya leo vinasema mita 1,134. Kwa birika na kipimajoto, kukosea kwa mita sita ni kazi ya kustaajabisha.

Lakini mapema mwaka huohuo, Ziwa Tanganyika alikuwa amelipatia kimo cha futi 1,844, karibu mita 560. Ukweli ni mita 773. Mtu yuleyule, njia ileile, na ziwa zima likashushwa kwa zaidi ya mita 200. Kosa kubwa hivyo halihitaji uzembe. Kipimajoto kikisoma juu kuliko inavyostahili, hata kwa kiasi kisichofika nyuzi moja, ziwa linazama kwenye ramani. Na tarakimu ile haikubaki karatasini tu. Wanajiografia wa Ulaya walikuwa wakibishana kama Tanganyika ni chanzo cha Mto Nile, na kwa kuwa maji hayapandi mlima, kimo cha kila ziwa kiligeuka kuwa ushahidi. Novemba 1871 wasafiri David Livingstone na Henry Stanley waliamua kwenda kutazama wenyewe. Walipiga makasia hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakakuta Mto Ruzizi unaingia ziwani badala ya kutoka.

Vyombo navyo vilikuwa na safari zake. Livingstone alisubiri watu na mizigo Kwihara, nje kidogo ya Tabora, hadi Agosti 1872, kisha akaondoka na hakurudi hai. Alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake pamoja na madaftari na vyombo vyake vya kupimia. Oktoba mwaka huo wakafika Unyanyembe, wakamkuta Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia mtu ambaye sasa alikuwa maiti. Cameron alishauri azikwe hapohapo. Wabebaji wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Vyombo hawakuweza kuvinusuru: Cameron alichukua vingi kati ya hivyo ijapokuwa hawakupenda, akaenda navyo Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1874 alilizunguka Tanganyika upande wa kusini, akalipatia kimo kilicho karibu zaidi na ukweli, na mwezi Mei akauona Mto Lukuga, mlango ambao maji ya ziwa hutokea kuelekea Kongo.

Njia hiyohiyo ilikuwa na kitu kingine ambacho birika lisingeweza kukipima. Wasafiri waliolala kwenye vibanda vya zamani vya mapumziko waliamka salama, na siku chache baadaye homa kali ikawaangusha. Baada ya siku kadhaa ilitoweka, mgonjwa akashukuru. Wiki moja ikipita, homa inarudi, tena na tena. Waswahili waliijua na kuipa jina la mdudu aliyehusika: homa ya papasi. Papasi ni jamaa ya kupe, mwenye ngozi laini iliyokunjamana, anayejificha kwenye vumbi la sakafu na nyufa za ukuta. Hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi, hurudi mafichoni kabla aliyeumwa hajaamka. Anaweza kukaa miaka bila kula.

Kuthibitisha kile ambacho jina lilikwisha kusema kulihitaji hadubini. Mwaka 1905 Mjerumani Robert Koch, ambaye mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu, alikusanya papasi kwenye vituo vya misafara katika koloni la Ujerumani Afrika Mashariki. Aliwapasua, akakuta ndani yao vimelea vyembamba vilivyojiviringa kama skrubu. Alivikuta hata kwenye mayai, ishara kwamba mama humrithisha mtoto, na kibanda kikiambukizwa kitabaki hivyo kizazi hadi kizazi. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa mwepesi: piga hema mbali na vibanda vya zamani. Mwaka uleule, mbele zaidi kwenye njia ya biashara iliyovuka Tanganyika kuingia Kongo, Mwingereza Joseph Dutton na Mkanada John Todd walifikia ugunduzi huohuo. Dutton alifia Kasongo mwezi Februari 1905, baada ya yeye mwenyewe kuugua homa hiyo. Kimelea kinaitwa Borrelia duttonii kwa kumbukumbu yake.

Homa ya papasi haikuondoka na misafara. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wapagazi wakapungua, lakini papasi walibaki kwenye nyumba za udongo, na watafiti wameendelea kuwapata kwenye matembe ya Dodoma. Ugonjwa ni wa hatari hasa kwa wajawazito na watoto wachanga.

Hapa ndipo suala la upimaji linapogusa zahanati ya leo. Mtoto mwenye homa hutobolewa kidole, tone la damu huwekwa kwenye kipimo cha haraka cha malaria, na baada ya dakika 15 au 20 jibu linasomwa kwa mistari. Kipimo hicho kimeokoa maisha ya watu wengi vijijini, wala hakuna sababu ya kukibeza. Ila kimetengenezwa kutambua protini za kimelea cha malaria tu. Damu iliyojaa vimelea vya homa ya papasi itasema hakuna malaria, na itakuwa imesema kweli. Fundi wa maabara wa zamani, aliyetandaza damu kwenye kioo na kuitia rangi ya Giemsa akitafuta malaria, angeweza kuviona vimelea hivyo bila kuvitafuta. Kila hadubini inayofunikwa kwa turubai kwa kuwa kuna kipimo cha haraka ni jicho moja lililofumbwa. Hata hadubini hutegemea wakati: vimelea huonekana kwenye damu homa inapopanda, na homa ikishuka huadimika, kisha hurudi vikiwa vimebadilisha protini za ngozi yao ili kinga ya mwili isivitambue.

Ujanja huo wa kubadili vazi unatumiwa pia na kimelea kingine, kinachowaandama watu wa Tabora tangu enzi za ukoloni: tripanosoma, chanzo cha malale. Magharibi mwa mji, kuelekea Urambo na Kaliua, miombo inashikana na mapori makubwa, na humo anaishi mbung'o, inzi anayekieneza kimelea hicho, ambaye wengine humwita ndorobo. Wanaokutana naye ni warina asali, wawindaji, wapasua mbao na wafugaji. Mbung'o mwenyewe hunaswa kwa macho yake: rangi ya bluu humvuta kutoka mbali, nyeusi humshawishi atue, ndiyo maana mitego hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo mbili. Tabora ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambacho malale ni miongoni mwa shughuli zake.

Malale ya Afrika Magharibi na Kati ina kipimo cha kadi kilichobuniwa mwaka 1978. Aina iliyopo Tanzania haitambuliwi na kadi hiyo. Mgonjwa akipatikana, amepatikana kwa jicho. Damu huingizwa kwenye kijibomba chembamba cha kioo, huzungushwa kwa kasi kwenye mashine hadi chembe nyekundu zishuke chini, kisha mtaalamu hutazama juu tu ya tabaka la chembe nyeupe, ambako vimelea hukusanyika. Kwa miaka mingi, akivikuta, hatua iliyofuata ilikuwa sindano ya mgongoni. Chembe nyeupe zaidi ya 5 katika mikrolita moja ya maji ya uti wa mgongo zilimaanisha ugonjwa umefika ubongoni, na mgonjwa alipewa melarsoprol, dawa iliyotokana na aseniki ambayo yenyewe iliua baadhi ya waliotibiwa. Hesabu ya chembe sita badala ya tano ilimpeleka mtu kwenye dawa hiyo.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya fexinidazole kwa hatua zote mbili za malale ya aina hii, kwa wenye umri wa miaka 6 au zaidi na uzito usiopungua kilo 20. Kwao, sindano ya mgongoni haihitajiki tena ili kuchagua dawa. Tone la damu linahitajika bado. Linawekwa bichi kwenye kioo, bila rangi, na mara nyingi kimelea chenyewe sicho kinachoonekana kwanza. Kinachoonekana ni chembe nyekundu zikisukumwa huku na huku katika sehemu moja ya kioo, wakati zile za pembeni zimetulia. Mtaalamu husogeza kioo hapo, na hafai kukawia, kwa maana nje ya mwili tripanosoma hufa baada ya saa chache.