Tenisi: Anayelipa ni nani?

Julai 2, 2018, Roger Federer aliingia Uwanja Mkuu wa Wimbledon, London, kutetea ubingwa wake. Wengi wetu tulitazama kwanza kifua chake. Nembo ya Nike aliyoivaa kwa zaidi ya miaka 20 haikuwepo. Badala yake ilikuwepo ya Uniqlo, kampuni ya mavazi ya Japani. Vyombo vya habari viliripoti kuwa mkataba huo ni wa miaka 10 na unaweza kufikia dola milioni 300. Bingwa wa wanaume Wimbledon mwaka huo alizawadiwa pauni milioni 2.25.

Kwa nini kampuni imwage kitita hicho kwa mtu anayekaribia miaka 37? Kwa sababu hainunui mechi tu, inanunua jina. Federer alistaafu mwaka 2022, lakini jina lake bado linauza.

Ila jina likichafuka, marafiki hupungua. Machi 2016, Maria Sharapova alipotangaza kuwa amepatikana na dawa iliyopigwa marufuku ya meldonium, Nike ilisimamisha uhusiano naye mara moja, na TAG Heuer ikaamua kutoendelea na mkataba. Kampuni ya raketi ya Head ndiyo iliyosimama naye hadharani.

Hao ni wakubwa. Mcheza tenisi hana klabu ya kumlipa mshahara kama mwanasoka. Nauli, hoteli na kocha ni juu yake, ashinde asishinde. Asiye na mdhamini huenda akaacha mchezo kabla kipaji chake hakijaonekana.

Hapo ndipo tunapomkumbuka Angella Okutoyi wa Kenya, binti aliyelelewa na bibi yake jijini Nairobi. Julai 2022 alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Kabla yake, hakuna Mkenya aliyekuwa amewahi kutwaa taji la vijana katika mashindano hayo makubwa manne. Lakini mashindano ya vijana hayana zawadi ya fedha: unaondoka na kombe na heshima.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Makampuni yetu hujaza mabango siku ya mapokezi uwanja wa ndege, bingwa akisharudi na kombe. Sisi tunauliza: nani alimkatia tiketi ya kwendea? Hapo ndipo udhamini unapohitajika.