Vijana wa orkestra, lindeni masikio



Siku moja ya kwanza, asubuhi, baba mmoja wa kazi ya kutoboa mawe alileta kijana wake dispensari. Kijana akasema: «Munganga, masikio yanalia ngiii tangu jana.» Baba akauliza: «Anasema nini?» Sharti kijana arudilie kwa nguvu, kwani masikio ya baba yaliharibika zamani ndani ya shimo, mbele ya kuzoea kuvaa vizibo. Nikawatazama wote wawili, nikaingiwa na huzuni.

Kijana ni mpiga ngoma wa orkestra ya masomo yao. Siku ya yenga walikuwa wamejifunza saa tano nzima ndani ya depo ya mabati, mlango umefungwa, wakijitayarisha kuingia studio.

Kazini tunahesabu hivi: kelele ya desibeli 85, mwisho ni saa 8. Ikipanda desibeli 3, saa zinagawanywa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2. Ikifika 100, ni dakika 15 tu. Na ngoma pamoja na bafle ndani ya chumba kidogo hufika 100 bila shida. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa havioti tena, na mimi sina dawa ya kuviotesha. Sikio likilia leo na kunyamaza kesho, usifurahi: limekuonya.

Je, tukataze muziki? Hapana. Mwenda Jean Bosco, Hugh Tracey alipomrekodi Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, alipiga gita moja bila ampli, na alijulikana mbali. Nanyi wimbo mpya jifunzeni kwanza kwa gita kavu, mpiga ngoma apige magoti yake. Kila mtu ajue mahali pa kuingia na mahali pa kumaliza. Ndipo muwashe vyombo, kwa nyimbo mbili tatu, kisha tokeni nje mpumzishe masikio. Bafle iwekwe juu ya kiti, ielekee kichwa cha mpigaji. Ikikaa chini, miguu ndiyo inayosikia. Yeye ataongeza sauti, mwenzake naye ataongeza, na vita vimeanza. Tieni blanketi ndani ya ngoma kubwa. Pamba si kizibo. Tafuteni vizibo vya kweli, lakini msiibe vya baba, yeye anavihitaji kazini.

Studio inalipwa kwa saa. Orkestra isiyojua wimbo wake inalipa feza ili kugombana. Pimeni urefu wa kila wimbo kwa saa ya mkono, chukueni nyuzi za akiba, mlale mapema. Na mbele ya kuvaa kaske ya kusikilizia, punguzeni sauti yake.

Sasa umeme. Ni volti 220. Mwimbaji akishika nyuzi za gita na mdomo ukagusa mikro, na chombo kimoja hakina waya wa udongo, umeme unaweza kupita kifuani. Basi waya huo msiukate kamwe. Msiweke msumari mahali pa fuzi. Vaeni viatu vikavu. Mwenzenu akinaswa, msimvute: zimeni umeme kwanza.

Umeme ukikatika na mkawasha jenereta, ikae nje, mbali na mlango na dirisha. Moshi wake una hewa moja isiyo na harufu, nayo inaua. Vichwa vikianza kuwauma wote pamoja, tokeni mbio!

Yule kijana nilimkataza ngoma kwa juma moja. Mlio umekwisha. Siku ya mposho wanaanza tena, saa nane hadi saa kumi, mlango wazi, na baba yake amekubali kukaa pale mlangoni na saa yake.